Unayeanza kusoma silaha za ajabu, anza na risasi kabla ya bunduki yenyewe

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi ya kusoma na kuorodhesha silaha za zamani, hasa hizi za maumbo ya ajabu ajabu, nimeona niwaandikie mambo machache ambayo mimi niliyajua kwa kuchelewa. Najua kilichowavuta maana ndo kilichonivuta na mimi, unaona bastola ina mitutu minne imetanuka kama mguu wa bata, au bunduki ambayo mtutu wake umepinda kabisa, unajiuliza huyu fundi alikuwa anawaza nini. Hilo swali lishikilie, usije ukaliacha, ila usilijibu kwa kuangalia umbo peke yake.

Kabla ya yote usalama, na hapa naomba unisikilize vizuri. Gobore la zamani linaweza kuwa limeshindiliwa mpaka leo. Aliyelitumia mara ya mwisho alishindilia baruti na risasi akaliegemeza ukutani, akafa, wajukuu wakalirithi, limezunguka mikono kumi mpaka limefika mezani kwako na baruti iko humo humo, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa umri. Kwa hiyo chukua kijiti cha mbao, kiingize taratibu kwenye mtutu mpaka kigote, weka alama pale mdomoni, kitoe ukilaze kwa nje sambamba na mtutu uone kimefika wapi. Kama kimeishia mbali na tundu la kuwashia, kuna kitu ndani. Usijaribu kukichokonoa, weka chini, mtutu usielekee kwa mtu, ita mwenye ujuzi. Na kama ina mitutu saba unapima yote saba, sio mmoja alafu unasema hizo zingine bila shaka ziko sawa. Nimeshuhudia kijana mwenzetu akipima mitutu mitatu ya kwanza akachoka, wa nne ndo ulikuwa na mzigo.

Haya, sasa tuje kwenye kazi. Ninachotaka ukishike ni kwamba silaha za ajabu nyingi hazikufa kwa sababu ya wazo baya, zilikufa kwa vitu vya pembeni, yaani risasi yake, baruti yake, fundi wa kuitengeneza, mtu wa kuibeba, muda wa kuipakia. Ukianza na hivo vya pembeni bunduki yenyewe inajieleza.

Chukua bunduki ya James Puckle, mwanasheria wa London aliyepata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1718. Kila mtu akiitaja anataja risasi zake, kwamba za duara zilikuwa za kupigia maadui Wakristo na za pembe nne za kupigia Waturuki, watu wanashangaa hapo alafu wanafunga mjadala. Ni kweli hayo yamo kwenye hataza, ni jambo la kusikitisha na lazima uliandike lilivyo, lakini ukiishia hapo umeacha kitu kikubwa. Ile ni bunduki imesimama kwenye miguu mitatu, nyuma ya mtutu ina silinda yenye chemba kadhaa, yaani vyumba vya kuwekea risasi na baruti, unaizungusha kwa mkono, unakaza mpini wa skrubu ili chemba ikutane sawasawa na mtutu, unafyatua, unalegeza, unazungusha tena. Mwaka 1722 ilijaribiwa mbele ya watu mvua inanyesha, ikatoa risasi 63 kwa dakika 7. Piga hesabu mwenyewe, ni 9 kwa dakika, wakati askari mzuri mwenye gobore alikuwa anatoa kama 3 na mvua ingemkwamisha. Sasa ilishindwa nini? Iliwashwa na jiwe la gumegume kama gobore zingine, na gumegume halitabiriki, na kila kipande ilibidi fundi akipige tupa kwa mkono mpaka kikubali, hakuna mashine ya kutoa silinda 50 zinazofanana. Wazo liliwahi, vyuma vikachelewa zaidi ya miaka mia. Waliokuwa wamenunua hisa za kampuni yake ndo walioumia, na kuna karata ya kuchezea ya enzi hizo iliyowasema kwamba bunduki hii inawajeruhi wenye hisa tu.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya hewa ya Bartolomeo Girandoni, ambayo jeshi la Austria liliichukua karibu na mwaka 1780. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kitu cha kuchezea, bunduki ya upepo jamani, kumbe ni silaha kamili ya vita. Kitako chake ni mtungi wa chuma wa hewa, unaufungua na kuufunga kama kifuniko, pembeni ya mtutu kuna mrija una risasi kama 20 hivi, unainua mdomo juu kidogo risasi ishuke yenyewe, unasukuma kipande kidogo cha chuma kinaipokea, unafyatua. Haina moshi, haina mwali wa moto, haiogopi mvua, na mtu anaweza kupakia akiwa amelala chini wakati mwenye gobore lazima asimame ashindilie. Huyo ni mtu wa miaka ya 1780 anapiga risasi 20 mfululizo bila kufungua mfuko wa baruti!

Sasa njoo pembeni. Kuujaza huo mtungi ni kupiga pampu kama mara 1,500. Soma tena hiyo namba. Mtungi wenyewe ni bati la chuma limeungwa kwa ribiti na kulehemiwa, ukipata nyufa ndogo hewa inatoka, ngozi za vali zinakauka zinavuja, na askari wa kawaida aliyezoea kugongagonga gobore hawezi kuutunza bila mafunzo ya peke yake na fundi wa karibu. Mpaka karibu na 1815 jeshi lilikuwa limeachana nayo. Hakuna aliyeishinda kwa ubora wa wazo, ilishindwa na pampu na ngozi. Ndo maana nawaambia ukikutana na bunduki kama hii usiandike kurasa tatu za mtutu, uliza pampu iko wapi, mitungi ya akiba ilikuwa mingapi, nani alikuwa anaitengeneza ikivuja.

Na bunduki ya hewa ina funzo lingine la kutofautisha kinachojulikana na kinachosemwa. Meriwether Lewis alibeba moja kwenye ile safari yake na Clark ya kuvuka Marekani, 1803 mpaka 1806, na aliwaonyesha mara nyingi wenyeji wa nchi walizopita. Mwanzoni kabisa mwa safari, Agosti 1803, aliwaachia watu karibu na Pittsburgh waijaribu, ikafyatuka kwa bahati mbaya risasi ikamkwaruza mwanamke kichwani, aliandika mwenyewe kwenye shajara yake. Kwa miaka mingi wasomi waliamini bunduki ile ilikuwa ya fundi wa Philadelphia aitwaye Isaiah Lukens, siku hizi wengi wanaona ni ya aina ya Girandoni. Bunduki ni ile ile, kilichobadilika ni ushahidi na namna ya kuusoma. Kwa hiyo kwenye kadi yako, ile ya kuorodheshea silaha, tenganisha, andika hiki nimekipima, hiki nimekisoma, hiki watu wanakiamini.

Hilo la mwisho nililipata kwa aibu. Kadi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya ile bastola ya mguu wa bata, nikaandika kwa kujiamini kwamba ilikuwa ya nahodha wa meli kuwazuia mabaharia walioasi, kwa sababu kila mahali wanasema hivyo. Mzee aliyekuwa anatusimamia akaisoma, akaniuliza swali moja tu, nahodha gani? Sikuwa na jibu. Akachukua ile bastola akaigeuza, akanionyesha alama ndogo zilizogongwa chini ya mitutu ambazo mimi sikuziangalia hata kidogo. Zile alama za ukaguzi, zinazogongwa mtutu ukishajaribiwa na kukubalika, zinaongea kuliko hadithi. Kwa mfano nyumba ya ukaguzi ya Birmingham ilianzishwa 1813, kwa hiyo alama yake ikiwepo ujue bunduki ilikaguliwa pale mwaka huo au baadaye, hata kama familia nzima inaapa ni ya babu aliyepigana kabla. Tangu siku ile naanza chini ya mtutu ndo napanda juu.

Kuna kundi la silaha ambazo tatizo lake ni muda, yaani vitu viwili au zaidi vinatakiwa vitokee pamoja na havitokei. Mwaka 1862 mji wa Athens, Georgia, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, walitengeneza mzinga wa midomo miwili, wazo la bwana John Gilleland, matufe mawili ya chuma yameunganishwa kwa mnyororo yatoke pamoja yakafyeke jeshi. Baruti haiwaki hivyo. Upande mmoja ukitangulia hata kidogo sana, tufe lake linalivuta la pili, yote yanazunguka ovyo, na walipojaribu yakaenda kila upande isipokuwa walikolenga. Mzinga upo mpaka leo, umewekwa nje karibu na ofisi ya mji. Linganisha na bunduki ya Nock ya jeshi la maji la Uingereza, mitutu saba imefungwa fungu moja, inawaka yote kwa mkupuo, hiyo ilifanya kazi maana mmoja ulikaa katikati na moto ukasambaa kwenda kwa sita iliyouzunguka. Ila sasa teke lake liliwaumiza mabega hao hao wanaoipiga, kupakia mitutu saba katikati ya vita nako ni kazi, na ukiwa juu ya mlingoti mwali wake unatishia tanga lako mwenyewe.

Na rivolva ndefu za Colt, zile bunduki za silinda, zilikuwa na ugonjwa wa moto kuruka kutoka chemba moja kwenda jirani. Kwenye bastola hiyo ni hatari, kwenye bunduki ni mbaya zaidi kwa sababu mkono wa kushoto uko mbele ya silinda unashikilia. Ukishaelewa hilo hutashangaa kwa nini askari waliiogopa.

Ikija rivolva ya LeMat ya 1856 kaa nayo, ichore kwa mkono wako, usipige picha tu. Wengi wanaiona kama bastola iliyobandikwa mtutu wa shotigani chini yake kwa kutaka sifa. Hapana. Ule mtutu mnene wa katikati ndo ekseli ya silinda, zile chemba tisa zinauzunguka, kwa hiyo sehemu ambayo kwenye rivolva zingine ni chuma kitupu yeye kaifanya mtutu wa kumi. Nilivyoichora ndo nikaelewa, macho peke yake yalikuwa yananidanganya.

Za karne ya 20 zina mtego wake, ni kwamba zina nyaraka nyingi ukadhani kila kitu kimeshasemwa. Bastola ya Gyrojet ya miaka ya 1960, risasi yake ni roketi ndogo ya milimita 13, haina ganda la kutupa, matundu ya nyuma yamelazwa ili gesi iizungushe angani. Nyundo iko mbele, inaipiga risasi kichwani kuirudisha nyuma kwenye pini, roketi inawaka inatoka na njiani inaikoki nyundo upya. Nzuri mno! Lakini roketi inaondoka polepole alafu ndo inaongeza kasi, kwa hiyo ukiwa karibu na shabaha, pale bastola inapohitajika hasa, ndo nguvu yake ndogo. Na vile vitundu visipotobolewa sawasawa risasi inapotea njia, na kila risasi ni kifaa cha gharama. Tatizo lote liko kwenye risasi, bastola haina kosa kubwa.

Krummlauf ya Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, ule mtutu uliopinda wa bunduki yao ya StG 44, naipita haraka: wa nyuzi 30 ulichoka baada ya risasi kama 300, na risasi nyingi zilikuwa zinavunjika zikipita kwenye kona. Usisahau pia kwamba ajabu sio ya baruti tu, visu vya kurusha vya Wazande wa Afrika ya Kati, viitwavyo kpinga, watu wamevieleza kama mapambo ya kutisha wakati makali yale yaliyotoka kila upande yana sababu, kisu kinaruka kikizunguka na upande wowote utakaotangulia kufika unakata.

Namalizia na Liberator, FP-45, bastola ya bati ya Marekani ya 1942, kiwanda cha taa za magari cha General Motors kule Anderson, Indiana kilitoa karibu 1,000,000 kwa wiki chache, kila moja kama dola 2.10. Ilipangwa wadondoshewe kwa ndege wapiganaji walioko kwenye nchi zilizokaliwa na adui. Inapiga risasi moja, alafu unatoa ganda kwa kijiti cha mbao kilichokuja nayo kwenye boksi pamoja na risasi 10 na karatasi ya maelekezo ya michoro mitupu isiyo na maneno, ili mtu wa lugha yoyote aelewe. Leo bastola zinaonekana kwenye mikusanyiko, ila boksi, karatasi na kijiti ni adimu sana kwa sababu hakuna aliyeona vina maana. Kwa hiyo ikifika mezani kwako Liberator peke yake, pima, chora, tafuta alama, na chini kabisa ya kadi andika: kijiti hakipo.