Maswali na Majibu: Alama za Hoja za Mantiki katika LSAT

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Arusha na Moshi wanaojiandaa kwa LSAT, mtihani ambao shule za sheria za Marekani huutumia kuchagua waombaji.

Mwalimu, shikamoo. Nina shahada ya kwanza na ni mwongoza watalii hapa Arusha. Rafiki ameniachia vitabu vya maandalizi vya mwaka 2019, vyenye mafumbo mengi ya kupanga watu kwenye viti na siku za wiki. Je, niendelee navyo?

Marahaba. Mafumbo hayo yaweke kando, kwa kuwa yaliondolewa kuanzia Agosti 2024. Sasa mtihani una sehemu mbili za hoja za mantiki na moja ya ufahamu ambazo huhesabiwa, pamoja na ya nne isiyohesabiwa, ambayo mtahiniwa haambiwi ni ipi. Kila sehemu ni dakika 35. Kwa hiyo takriban theluthi mbili ya maswali yanayokupa alama yako, katika kipimo cha 120 hadi 180, ni hoja za mantiki. Kurasa za hoja na za ufahamu katika vitabu hivyo bado zinafaa. Majaribio rasmi ya muundo mpya yapo LawHub, tovuti ya LSAC wanaoandaa mtihani, na baadhi yake ni ya bure, hivyo sioni sababu ya mtu kulipia kozi kabla hajayamaliza hayo.

Nipo Moshi. Nimefanya mamia ya maswali tangu masika, lakini idadi ninayokosa haipungui. Je, tatizo ni Kiingereza changu?

Huenda, lakini pima kwanza. Fanya sehemu moja kwa dakika 35, weka alama kwenye kila swali ulilolitilia shaka, kisha, kabla ya kutazama majibu sahihi, yarudie hayo bila saa. Ukiyapata katika mzunguko wa pili, kinachokukwamisha ni kasi; ukiyakosa tena, ama hukuielewa lugha ya hoja, ama uliielewa na hukuuona udhaifu wake. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na kuongeza idadi ya maswali hakutibu hata moja.

Baada ya hapo fungua daftari la makosa. Kwa kila swali ulilokosa andika, kwa Kiswahili ukipenda, hitimisho la hoja, ushahidi wake, pengo lililo kati ya hivyo viwili, na sababu iliyokufanya ulipende jibu lisilo sahihi. Wengi huruka hilo la mwisho, nami naliona ndilo lenye faida kuliko yote.

Chukua hoja hii ya kubuni: wauza vitunguu wa soko la Kilombero waliohamia vibanda vipya wameuza zaidi mwezi huu kuliko mwezi uliopita, kwa hiyo vibanda vipya ndivyo vilivyoongeza mauzo. Swali linataka jibu linalodhoofisha hoja. Chaguo moja linasema kwamba kodi ya vibanda vipya ni kubwa, na jingine linasema kwamba wauzaji waliobaki mahali pa zamani nao wameongeza mauzo kwa kiwango kilekile. La kwanza linavutia kwa sababu mfanyabiashara yeyote huogopa kodi, lakini hitimisho linahusu mauzo wala si faida, kwa hiyo halikuguswa. La pili linaonyesha kwamba mauzo yangeweza kupanda hata bila vibanda. Ukilichambua swali kwa namna hiyo, utaanza kuutambua mtego wa aina hiyo hata utakapokuja katika mada ya sayansi au ya historia.

Sharti la lazima na sharti la kutosha hunichanganya kila mara. Nisaidie.

Kanuni za hifadhi zinataka kila anayepanda Mlima Kilimanjaro awe na mwongozaji mwenye leseni. Ukiambiwa kwamba mgeni fulani anapanda mlima kwa kufuata kanuni, una hakika kwamba anaye mwongozaji. Ukiambiwa tu kwamba mgeni ana mwongozaji, huwezi kuhitimisha kwamba anapanda Kilimanjaro, kwani huenda wanaelekea Meru. Mwongozaji ni sharti la lazima, lakini kuwa naye hakutoshi kuthibitisha safari. Majibu mengi yasiyo sahihi hutungwa kwa kuigeuza kauli ya namna hii kinyumenyume.

Swali linapotaka dhana ambayo hoja inaitegemea, yaani jambo ambalo hoja inalichukulia kuwa kweli bila kulitaja, kanusha chaguo unalolifikiria: hoja ikianguka, umepata jibu, ikisimama bado, tafuta jingine. Usiitumie njia hii pale swali linapotaka dhana inayotosha kulithibitisha hitimisho, kwa sababu dhana ya kutosha si lazima iwe ya lazima.

Muda huniishia nikiwa na maswali matano au sita mkononi. Nifanyeje?

Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo usiache swali lolote wazi. Sehemu moja huwa na maswali takriban 25, na magumu huelekea kurundikana mwishoni, kwa hiyo anayeng'ang'ania swali la kumi kwa dakika nne anapoteza mengine mepesi. Liwekee alama, songa mbele, urudi baadaye. Mazoezi ya kasi yaanze baada ya kuwa unapata mengi bila saa.

Binti yangu yuko kidato cha sita na anataka kusoma sheria. Je, naye aanze maandalizi haya?

Akibaki nchini, hapana: udahili wa shahada ya sheria hutegemea matokeo yake ya kidato cha sita. LSAT nayo ni ya wanaokwenda Marekani, ambako sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Akiwazia Uingereza, baadhi ya vyuo, kikiwemo Oxford, hutaka mtihani wa LNAT, wenye maswali 42 ya kuchagua yatokanayo na vifungu 12 kwa dakika 95, kisha insha ya dakika 40. Huo hufanywa mara moja tu katika msimu mmoja wa udahili, kwa hiyo asijiandikishe tarehe ya mapema kabla hajazoea majaribio yake.