Barua kwa Mwanangu Aliyepitwa Mara Tatu

Calgary, Novemba 2025

Mwanangu mpenzi Salim,

Marahaba, na alhamdulillahi sote hapa nyumbani tu wazima. Barua yako niliisoma ndani ya basi alfajiri nikitoka kazini, nikairudia nilipofika nyumbani kabla hata sijavua koti. Swali lako kuhusu uteuzi wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ambako kila mwaka timu huchagua vijana kwa zamu, nalinakili hapa ili nisije nikajibu jingine: “Mama, uteuzi wa chipukizi umenipita mara tatu, 2023, 2024 na 2025, na sasa umri wangu wa kuchaguliwa umekwisha. Timu ni 32 na raundi ni 7 kila mwaka. Je, wote hao wamekosea, mimi peke yangu ndiye niliye sahihi? Niendelee na hoki, au niache kukupotezea fedha na usingizi?”

Usingizi wangu uweke kando, kwani huo niliutoa mwenyewe na sikukukopesha. Nitajibu kuhusu hoki.

Wale wanaochagua si wajinga, mwanangu, lakini kazi waliyopewa ni ya kukisia: wanamtazama kijana wa miaka kumi na minane na kujaribu kusema atakuwa mtu gani akifika ishirini na tano. Wanapima kimo, uzito na kasi kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopimika. Ubaya wa kupitwa si aibu ya usiku ule mmoja, ni hali inayokuja baada yake. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza akipoteza kisahani, kile cha mpira kinachopigwa kwa magongo, mbele ya goli lake, kocha husema kijana anajifunza. Wewe ukifanya kosa hilohilo, watasema ndiyo sababu hukuchaguliwa. Timu iliyotumia nafasi yake kumchukua kijana ina hamu ya kuthibitisha kwamba haikukosea, kwa hiyo itamvumilia. Wewe huna anayedaiwa uvumilivu huo, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko kulijua ukiwa umekaa benchi.

Sasa nikusimulie kisa cha mji huu wetu, ambacho ulikisikia utotoni vipandevipande tu.

Juni 2004 wewe ulikuwa mimba ya miezi miwili, nami nilikuwa nikiosha vyombo katika mkahawa mmoja karibu na Barabara ya 17, ambayo mashabiki waliijaza kwa jezi nyekundu hata magari yakashindwa kupita. Calgary Flames walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Stanley, ambalo ndilo la ubingwa wa NHL, mara ya kwanza tangu walipolitwaa mwaka 1989, na waliongoza kwa mechi 3 dhidi ya 2 za Tampa Bay Lightning. Walibakiza ushindi mmoja, nao walikuwa wakicheza nyumbani. Hoki nilikuwa siijui hata kidogo. Nilijua tu kwamba redio ya jikoni haikuzimwa usiku kucha na kwamba mpishi alikuwa akiunguza vitunguu kwa kusikiliza. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, kisha muda wa nyongeza wa pili, na sekunde 33 tu baada ya huo kuanza, Tampa wakafunga. Nje kelele zilikatika ghafla, nikawa nasikia maji yanavyotiririka kwenye sinki langu. Mpishi akaketi juu ya kreti la viazi, akaniambia polepole, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kichanga: “Huyo aliyefunga alikuwa wetu. Tulimwacha aende.”

Aliyefunga ni Martin St. Louis. Siku mbili baadaye Tampa wakashinda mechi ya saba na kulitwaa kombe. Mimi, badala ya kuhuzunika pamoja na mji, nikabaki nikijiuliza inakuwaje mtu kama huyo anaachwa.

Alizaliwa Laval, Quebec, mwaka 1975. Kimo chake kiliandikwa sentimita 173, na kwa macho ya wasaka vipaji wa miaka ile hilo lilitosha kuwa jibu. Hakuna timu iliyomchagua. Akaenda Chuo Kikuu cha Vermont, akakaa miaka minne, akapata pointi 267, yaani mabao na pasi za mabao, na kuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya kugombea tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani mara tatu. Hata hivyo simu hazikumiminika. Alianza ligi ya chini, Cleveland, ndipo Flames wakampa mkataba mwaka 1998. Katika misimu miwili alicheza hapa mechi 69 na kufunga mabao 4. Mwaka 2000, timu mbili mpya, Columbus na Minnesota, ziliporuhusiwa kuchukua wachezaji kutoka timu za zamani, Calgary hawakumkinga, na hizo mpya nazo zikampita. Kisha Calgary wakavunja mkataba wake.

Tampa wakati huo ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa za ligi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msimu wa kwanza alifunga mabao 18, na wa tatu mabao 33. Katika msimu wa 2003-04 aliongoza ligi nzima kwa pointi 94, akapewa na tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote. Mwaka 2013, akiwa na miaka 37, aliongoza tena ligi kwa pointi, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo akiwa na umri mkubwa zaidi. Hata hivyo, kikosi cha Kanada cha Olimpiki ya 2014 kilipotangazwa, jina lake halikuwamo. Alikwenda kwa sababu Steven Stamkos, mwenzake wa Tampa, alikuwa hajapona jeraha, akarudi na dhahabu. Kupitwa, basi, hakukumwishia hata baada ya kuwa bingwa.

Mei ya mwaka huohuo unaikumbuka, ulikuwa na miaka tisa. Alikuwa amehamia New York Rangers, mama yake akafariki ghafla, naye akacheza usiku uliofuata. Jumapili ya Siku ya Akina Mama akafunga bao la kwanza la mechi, nawe ukageuka kunitazama mimi badala ya runinga.

Ninalotaka kukuambia halimo katika tuzo hizo, limo katika yale mabao 4 ya Calgary. Miguu ilikuwa ileile na macho yaleyale, lakini alipewa dakika chache katika safu ya mwisho, na mtu anayepewa dakika chache hucheza ili asikosee. Salim, ndivyo unavyocheza wewe tangu uteuzi wa Juni. Mwezi uliopita nilikutazama vipindi vyote vitatu: kila kisahani kilipokufikia ulikisukumia ukutani haraka, kana kwamba kinaunguza gongo lako. Wewe ndiye uliyekuwa ukikishikilia mpaka beki akujie, ndipo umpitishie mwenzako chini ya gongo la beki yule. Ukiendelea kucheza kwa kuomba radhi, basi acha, nami sitakuzuia, maana mchezaji wa namna hiyo wanaye tayari.

Ukirudi kuwa yule niliyemfunga kamba za viatu, jibu langu ni endelea, tena kupitia chuoni. Tangu msimu huu wa 2025-26 vyuo vya Marekani vinawapokea vijana wa ligi yenu ya vijana ya Kanada, jambo ambalo kaka zako wa timu waliokutangulia hawakulipata. Ule mkataba wa ligi ya tatu, iliyo ngazi mbili chini ya NHL, utakupa mshahara mdogo sasa hivi, na ukishausaini mlango wa chuo ni mgumu kuufungua tena. Chuoni utapata miaka ya kukomaa mwili na shahada mkononi, na kwa kuwa hakuna timu yenye haki juu yako, siku watakapokuhitaji wewe ndiye utakayechagua, na uchague wanakopungukiwa na watu wa namna yako. St. Louis alimaliza na mechi 1,134. Sikuahidi hata moja kati ya hizo, na sitaki uniahidi.

Mtakapokuja kucheza hapa wiki ijayo nimeomba ruhusa ya zamu. Nitakaa pembeni kushoto, nyuma ya kioo, na visheti nitakuwa navyo. Zile karatasi za chuo uje nazo begini, usizisaini, tuzisome pamoja mezani baada ya mechi.

Ni mimi mama yako