Kwa wadogo zangu mnaokwenda kambi ya judo Japani: wiki ya kwanza acheni vyuma

Juzi usiku nilipita nje ya chumba cha vyuma nikasikia kishindo. Nikachungulia. Wadogo zangu wawili, siku ya tatu tu tangu washuke kwenye ndege, wametoka randori ya jioni (mapambano ya mazoezi), judogi, nguo zao za judo, zimeloa bado ziko mlangoni, nao wanapiga skwati kwa programu waliyokuja nayo kwenye simu. Seti ya tano, marudio manane. Mmoja mapaja yanatetemeka, mwenzake anamhesabia kwa furaha kabisa. Nikazima taa, nikasimama mlangoni mpaka wakatoka.

Sikuwapigia kelele. Lakini mwaka jana niliwazimia wengine taa hiyo hiyo, na mwaka kesho watakuja wengine. Kwa hiyo naandika. Habari za mbinu siziingilii, huko mna masensei wenu, walimu. Nasema na mtu anayekwenda kukaa na timu ya chuo au klabu ya Japani wiki nne, wiki nane, miezi mitatu, akiwa amezoea kujipangia mwenyewe mazoezi ya nguvu na pumzi.

1. Wiki ya kwanza chuma usikiguse. Najua unaona unapoteza nguvu. Hupotezi. Nguvu ulizojenga kwa miaka hazikimbii kwa siku saba, na hata baadaye kuzitunza kunataka kazi kidogo sana kuliko ile uliyofanya kuzijenga. Hesabu kwanza mzigo uliopewa: asubuhi mbio, ngazi, kubebana mgongoni, jioni uchikomi (kurudiarudia kuingia mbinu), newaza (kupambana chini), halafu randori ya kusimama raundi baada ya raundi, na kila mpinzani ni mpya na ana hamu ya kukujua. Hiyo yote ni mazoezi ya nguvu. Halafu kuna saa. Kati ya Afrika Mashariki na Japani kuna tofauti ya saa 6, kwa hiyo mnapopanga mstari wa mbio saa kumi na mbili asubuhi, mwili wako bado unahesabu saa sita usiku. Mwili uliokosa usingizi siku tano, unaokula chakula kigeni na kutoka jasho lita kwa lita, wewe unauongezea skwati arobaini. Kwa nini?

2. Hili ni langu, na nitalieleza lote.

Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na miaka 22, uzito wa -73, yaani usiozidi kilo 73, mwezi wa Julai. Asiyeijua Julai ya Japani ajue hivi: joto lenyewe unaweza kulizoea, unyevu ndio unaomaliza watu. Jasho halikauki, linabaki juu ya ngozi, na ndani ya dojo, ukumbi wa mazoezi, hakuna upepo. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa na nguvu kuliko wote kwenye timu. Kule, siku ya kwanza, kijana wa mwaka wa kwanza mwenye shingo nyembamba alinishika kola na sikuweza kuutoa mkono wake. Sikulala usiku ule.

Siku ya tano, baada ya randori, wakateremsha kamba. Mnazijua kamba zile, zinaning'inia kutoka kwenye boriti, unapanda kwa mikono mitupu, miguu imekunjwa mbele. Wenzangu walipanda mara tatu wakaenda kufagia tatami, mikeka ya judo. Mimi nikapanda mara tatu, nikarudia, nikarudia tena, mpaka mikono ikakataa. Na kila mara nilikuwa nashuka polepole, nikijizuia, nikiamini kwamba huo ndio ufundi. Usiku nikaingia chumba cha vyuma peke yangu nikajivuta kwenye bomba mara mia, kidogo kidogo, tena kwa kushuka polepole. Wiki nzima nilikuwa nakunywa maji kwa kubania, kwa sababu mzani ulisoma 77 na niliogopa.

Sasa nielezeni mnayoyajua: msuli huumizwa zaidi na kipi, kupanda au kushuka? Kushuka. Kazi ya kuzuia uzito huku msuli unarefuka ndiyo inayochana nyuzi, hasa kama kazi hiyo ni ngeni na ni nyingi. Nilikuwa naijua habari hii. Niliwahi kuwafundisha watoto.

Kesho yake viwiko havikunyooka. Vilibaki vimepinda kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Kupiga mswaki ilibidi nipeleke kichwa kwenye mkono. Nikameza vidonge vya maumivu nilivyokuja navyo, nikaenda randori. Sikuweza kushika, nikaangushwa na kila mtu, nikainama, nikasema asante, nikatafuta mwingine. Siku iliyofuata nikaenda chooni nikaona mkojo una rangi ya chai iliyokolea. Nikautazama. Nikavuta maji. Nikanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo, kuliko kamba, kuliko zile mara mia. Tiketi yangu ilichangwa na watu. Wengine walitoa fedha waliyokuwa wakiihitaji. Nilijiambia nikisema naumwa nitarudishwa, na nikirudishwa nitawatazama vipi usoni. Basi nikavaa judogi nikaingia tena kwenye tatami na mkojo wa rangi ile.

Aliyeniokoa ni senpai mmoja, mkubwa kwenye timu, ambaye hata Kiingereza hakujua. Aliniona nashindwa kufunga mkanda. Akaja, akanifungia yeye, kimya, kama unavyomfungia mtoto. Kisha akabonyeza mkono wangu juu ya kiwiko kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo lilibaki. Akalitazama shimo, akanitazama mimi. Akaenda kwenye benchi, akachukua birika la mugicha, ile chai ya shayiri wanayokunywa wakati wa joto, akamimina kidogo kwenye kikombe cheupe. Akanyoosha kidole kwenye kikombe, akanyoosha kidole kwenye mlango wa choo, akainua nyusi. Nikatikisa kichwa kukubali. Alivua judogi pale pale, na dakika tano baadaye tulikuwa kwenye gari la kocha.

Hospitali walipima damu. Kipimo cha kreatini kinezi, ambacho kwa mtu aliyepumzika huwa makumi au mamia machache, changu kilivuka 30,000. Maana yake nyuzi za misuli zimepasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Kimojawapo ni myoglobini, ndiyo inayoutia mkojo rangi ile, na figo ndizo zinazolazimika kuichuja. Zikishindwa, zinaweza kusimama. Daktari aliuliza kuhusu vidonge. Nikamwonyesha. Alikunja uso: ibuprofeni na jamii yake huzielemea figo, na kwa mtu aliyepungukiwa maji ni hatari zaidi. Niliwekewa dripu siku nne. Senpai yule alikuja kila jioni baada ya mazoezi, nywele bado mbichi, akikaa bila neno kwa sababu hatukuwa na lugha.

Kambi yangu ilikuwa ya wiki nane. Tano kati ya hizo nilikaa pembeni ya tatami nikishika saa ya randori. Nilikuwa natazama watu niliokuwa nimewaota tangu utotoni wakipita mbele yangu, na mimi napiga kengele.

Kwa hiyo shikeni haya: maumivu yaliyopita kiasi cha kazi uliyofanya, kiungo kuvimba au kukataa kunyooka, mkojo wa rangi ya chai au soda ya kola. Ukiona mkojo huo usingoje asubuhi, usimeze kidonge cha maumivu, usimuulize mwenzako chumbani. Hospitali, saa ile ile. Hakuna mtu atakayekurudisha nyumbani kwa kusema. Na wale waliokuchangia wanataka urudi na figo zako.

3. Mshiko: tundika judogi kuukuu juu ya bomba, shika kola na mkono wa nguo, ning'inia sekunde 20 mara nne, shuka kwa kuweka miguu kwenye kiti.

4. Shingo: kidogo kila siku, tangu miezi miwili kabla ya safari. Usianzie kule.

5. Wiki ya pili ukiruhusiwa kurudi kwenye vyuma, nenda mara mbili kwa wiki. Mzigo mzito wa kutosha, marudio matatu, seti tatu, na usifike mahali pa kushindwa kuinua. Nusu saa inatosha. Ukitoka unahema umekosea chumba. Mahali pa kuhema ni kwenye tatami. Pambano siku hizi ni dakika 4, lakini golden score, muda wa nyongeza, haina mwisho, na hiyo pumzi inajengwa na randori unayoifanya ukiwa mzima.

6. Kila kambi yuko mmoja wa kuniambia, "Kaka, Wajapani hawanyanyui vyuma, wao ni mbinu tu." Au mwingine anasema kinyume, kwamba Wajapani wanashinda siku hizi kwa sababu wameanza vyuma. Nyote wawili kaeni chini. Mwaka 1964, Tokyo, judo ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Mholanzi Anton Geesink, mtu mkubwa mwenye nguvu nyingi, alimbana chini Mjapani Akio Kaminaga kwa mbano wa kesa-gatame kwenye fainali ya uzito wa wazi, usio na kikomo cha kilo, ndani ya Nippon Budokan, mbele ya Wajapani wenyewe. Habari ya nguvu imo kwenye vichwa vyao tangu zamani. Kisha London 2012 wanaume wa Japani wakatoka bila dhahabu hata moja. Timu akapewa Kosei Inoue aifundishe, na vyuma vikapata nafasi kubwa kuliko zamani. Michezo ya Tokyo, ile iliyofanyika 2021, wanaume wakachukua dhahabu tano. Lakini mtazameni Shohei Ono, mmoja wa hao watano, anavyopiga uchi-mata, ile mbinu ya kurusha kwa paja, halafu mniambie kama mnaona mtu aliyeacha mbinu akaenda kuokolewa na skwati. Kazi ya vyuma kwake ilikuwa kuifikisha mbinu ile pale inapotakiwa hata mpinzani anapokataa.

7. Mzani kila asubuhi baada ya choo, andika. Kwenye mashindano ya IJF, shirikisho la judo la dunia, unapimwa siku moja kabla, na asubuhi ya pambano wanaweza kukuita kwa bahati nasibu. Hapo huruhusiwi kuzidi asilimia 5 juu ya uzito wako. Kwa -73 hiyo ni kilo 76.65. Anayeishi kwenye kilo 79 akisema "nitashusha wiki ya mwisho" anajipangia kile kilichonipata mimi. Kwenye kambi usishushe uzito kabisa. Ukipungua zaidi ya kilo moja kati ya kuingia na kutoka dojo, hayo ni maji, yarudishe usiku huo huo pamoja na chumvi.

8. Jifunzeni neno "itai". Maana yake inauma. Kohai, yaani mdogo, wa Kijapani hatalisema kirahisi mbele ya senpai wake, na nyinyi mtaiga ukimya huo mkidhani ndiyo heshima. Heshima ni kuinama vizuri, kufagia tatami bila kuitwa, kupanga zori (ndala) zako mlangoni zikitazama nje. Maumivu yasemeni.

Wale wawili wa juzi: sijawasema kwa kocha. Mmoja wenu bado anashuka ngazi akishika ukuta, nimemwona leo. Kesho saa kumi na moja na nusu nitakuwa karibu na mzani. Njooni na daftari, na kila mmoja anieleze mkojo wa asubuhi ulikuwa na rangi gani.