Kaskazi, ndimu na bia nyepesi ya Meksiko

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza: joto la kaskazi likishakaba, ni kinywaji gani kinachokurudishia roho? Wengi wa huku Unguja watawajibu dafu, ukwaju au juisi ya miwa iliyotiwa tangawizi na ndimu, na sina ugomvi nao. Mimi ni mtu wa bara, nipo kaunta ya baa moja ya ufukweni Paje, na pombe nakunywa. Jibu langu ni bia nyepesi ya Meksiko, chupa moja, ya baridi hasa. Naipenda kwa dhati, ndiyo maana inaniuma kuiona ikiharibiwa kila siku mbele ya macho yangu.

Mchana wa Januari joto huku hufika nyuzi 32 au 33, lakini kinachotutesa zaidi ni unyevunyevu: jasho linatoka, halikauki. Mwili ukiwa hivyo hautaki kitu kizito. Chukua Corona, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi huku. Pamoja na kimea cha shayiri hutiwa mahindi, ndiyo maana haijai mdomoni, na uchungu wake ni mdogo. Ila watu wasidanganyike. Kilevi chake ni asilimia 4.5, sawasawa na bia yetu ya Kilimanjaro. Wepesi wake uko kwenye ladha tu, kichwani inafika kama nyingine. Kwa hiyo anza na maji, unywe ya kutosha, maana pombe inakukojoza na joto limeshakukausha. Bia ije baadaye, kwa raha yake.

Kuna jambo lingine ambalo wateja hawalitilii maanani: ukubwa wa chupa. Sisi tumezoea chupa ya mililita 500, na kwenye joto hili nusu ya mwisho unainywa ikiwa moto. Chupa ya Meksiko inayofika huku ni ya mililita 330 au 355. Inaisha kabla baridi haijaisha.

Asili yake ni ya watu wengi. Karne ya 19 Wajerumani waliohamia Meksiko walishiriki sana kuanzisha viwanda vya bia, wakaleta ile namna yao ya kuichachua kwa baridi na kuilaza. Bia ya Pacifico, kwa mfano, ilianza mwaka 1900 katika mji wa bandari wa Mazatlán. Kiwanda cha Modelo, kinachotengeneza Corona, kilifunguliwa jijini Mexico mwaka 1925. Nchi ya joto ikaichukua bia ya nchi ya baridi na kuifanya yake.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Chupa ya Corona ni nyeupe, unaona mpaka ng'ambo. Mgeni anainunua, anaiweka juu ya meza juani, bahari nyuma, apige picha. Anageuka huku na huku, anapiga nyingine, halafu ndiyo anakunywa. Wakati huo bia imeshabadilika. Bia hutiwa hopsi, maua yanayoipa uchungu, na mwanga wa jua ukipenya kwenye chupa unauvunja ule uchungu, vipande vyake vinakutana na salfa iliyomo ndani ya bia, ikatoka harufu mbaya. Sisi tuliokulia bara tunamjua kicheche, yule mnyama mdogo anayetoa uvundo. Harufu ni ya jamaa yule. Juani moja kwa moja ni suala la dakika chache tu. Chupa ya kahawia, kama ya Kili au Safari, inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na kopo linauzuia wote. Wengi hudhani harufu ile ndiyo bia yenyewe, wanasema bia za Meksiko zinanuka. Hazinuki. Zimeanikwa!

Kwa hiyo ukija baa usichukue chupa iliyopangwa mbele ya kioo cha friji, chini ya taa ya tyubu. Omba ya ndani kabisa, au iliyo bado kwenye boksi, na uinywee kivulini. Kama boksi halijapoa, usikubali barafu tupu bila maji. Chukua ndoo, tia barafu iliyopondwa, maji, na chumvi viganja viwili, uzamishe chupa mpaka shingoni. Maji yanaigusa chupa pande zote, barafu haiwezi hivyo, na chumvi inayafanya yapoe kupita maji ya kawaida ya barafu. Huku umeme ukikatika hii ndiyo njia yetu. Waliokuwapo wanaikumbuka ile miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya umeme ya baharini ilipoharibika na Unguja nzima ikakaa bila umeme wa gridi. Barafu ilikuwa mali.

Ndimu nayo ina adabu yake. Hizi ndimu ndogo za soko la Darajani, zenye ganda jembamba na mbegu tele, ni za jamii ileile inayotumika Meksiko. Zote asili yake ni Asia. Kata kipande kwa urefu, toa mbegu, pitisha kwenye mdomo wa chupa, kamua kidogo, halafu usukume taratibu. Ukisukuma kwa pupa povu linapanda na kumwagika. Ndimu haiondoi harufu ya bia iliyoanikwa, inaificha tu kwa funda moja mbili.

Kule Meksiko wana pia chelada: bia, ndimu na chumvi kwenye mdomo wa glasi. Michelada inaongezewa pilipili na michuzi. Mtu aliyekula embe mbichi kwa chumvi na pilipili Forodhani hahitaji kufundishwa ladha hiyo. Mimi hutengeneza ile ya chumvi na ndimu tu.

Jambo moja silifanyii mzaha. Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kaskazi, na majirani zetu wanafunga katika joto hilihili bila hata tone la maji. Chupa haitoki nje ya baa, haipiti kijijini, iwe Ramadhani au isiwe. Mgeni akiondoka nayo mkononi namwita, namwambia kwa heshima airudishe.

Kwa chakula, mpe ngisi au pweza wa kuchoma, ndimu na pilipili pembeni. Muhogo wa kukaanga pia unafaa sana. Biriani sikushauri: masala yanaifunika bia hii kabisa, na mteja akishikilia biriani yake mimi humletea soda ya tangawizi.