Kujichunguza matiti kila mwezi: ninavyofanya mimi hapa Ujiji

Hapa Ujiji mwanamke akishika uvimbe kwenye ziwa, mara nyingi wa kwanza kuambiwa ni jirani, na jibu analopewa ni kwamba hilo ni jipu la maziwa, litaiva litapasuka. Kama hanyonyeshi, ataambiwa kuna mkono wa mtu. Miezi inakatika. Shangazi yangu alipita njia hiyo, akafika hospitali titi limeshakuwa kidonda. Tangu tulipomzika najichunguza kila mwezi kuangalia dalili za saratani ya matiti, na nawafundisha wadogo zangu na mabinti wa mtaani.

Wakati mzuri ni siku chache baada ya hedhi kukatika. Kabla ya hedhi matiti hujaa, huuma na kuwa na vinundu vinavyoondoka vyenyewe. Ukijishika siku hizo utajitisha bure. Mama aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi aishike hiyo hiyo. Anayenyonyesha ajishike mtoto akishanyonya, titi likiwa limepungua.

Naanza na macho. Nafunga mlango, navua nguo ya juu, nasimama mbele ya kioo penye mwanga. Kwanza mikono chini, halafu juu ya kichwa, kisha nashika kiuno na kukibana mpaka misuli ya kifua ikaze. Mkao huu wa tatu wengi huuruka, nao husaidia kuonyesha ngozi inayovutwa ndani. Titi moja kuwa kubwa kuliko jingine si tatizo kama umekuwa hivyo siku zote. Natafuta kilicho kipya: chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani, ngozi kubonyea au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, rangi kubadilika, kidonda cha chuchu kisichopona.

Halafu nalala chali, kanga iliyokunjwa chini ya bega la kulia, mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Titi linatandazika, vidole vinafika chini. La kulia nalishika kwa mkono wa kushoto, kwa vidole vitatu vya kati. Sitomasi kwa ncha za vidole wala sifinyi kwa kiganja. Natumia ile nyama laini ya vidole, upande wa ndani. Nazungusha viduara vidogo, na kila mahali nabonyeza mara tatu kabla ya kusogea: kwa wepesi nihisi chini ya ngozi, kwa wastani nihisi nyama ya titi, kwa nguvu mpaka nikaribie mbavu. Vidole haviinuki, vinateleza juu na chini, mstari kwa mstari, kutoka kwapani hadi mfupa wa katikati ya kifua, na kutoka mtulinga mpaka titi linapoishia. Kisha upande wa pili. Tafadhali usiliache kwapa. Sehemu ya juu inayoelekea kwapani ndiyo yenye nyama nyingi ya titi, na ndiko saratani hutokea zaidi. Bafuni, ngozi ikiwa na povu la sabuni ya mawese, narudia hapo tena.

Chuchu siikamui. Majimaji yanayotoka yenyewe, hasa yenye damu, ndiyo ya kupeleka hospitali.

Miezi ya mwanzo kila kitu kitakuwa kama uvimbe, hata ule ukingo mgumu wa chini ya titi ambao ni wa kawaida. Vumilia, mkono utazoea.

Niseme wazi jambo moja. Kule Shanghai, China, wanawake zaidi ya 260,000 walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo ya 2002 yalionyesha kwamba kufundishwa kujichunguza hakukupunguza vifo vya saratani ya matiti, ila kuliongeza vipimo vya uvimbe usio na madhara. Kwa hiyo hii si kinga, wala si badala ya daktari. Naendelea nayo kwa sababu mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, haipatikani kirahisi kwa mwanamke wa Ujiji, Kasulu au Kibondo, na wengi wetu tunagundua kwa mkono wenyewe. Kinachotumaliza ni muda unaopotea kati ya kugundua na kufika hospitali.

Mimi mwenyewe niliwahi kushika kitu kigumu kidogo, kinachohamahama chini ya kidole. Nilikwenda wiki hiyo hiyo. Nilipigwa ultrasaundi, nikachukuliwa nyama kwa sindano, majibu yakaja si saratani. Uvimbe mwingi ni wa namna hiyo, hasa kwa wasichana, lakini hakuna mkono unaoweza kuthibitisha kwa kugusa tu, uwe wako au wa mganga. Na usitulie kwa sababu hauumi. Saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu.

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya kwenda Maweni, hospitali ya mkoa wetu wa Kigoma. Matibabu ya mionzi ni safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na ugonjwa ukishasambaa safari hizo huwa nyingi. Ukifika mweleze mhudumu uvimbe uko wapi, uliushika lini, umekua au la, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na nani katika ukoo aliwahi kuugua. Kama unamwonea haya daktari mwanaume, omba muuguzi wa kike awepo chumbani. Ukiambiwa usubiri, uliza usubiri mpaka tarehe gani, uiandike, na siku hiyo urudi hata kama huumwi.