Muhuri wa mwanasheria hauufanyi uongo kuwa shahada

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chake Chake. Nina diploma ya uhasibu na nashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Nataka kusoma shahada ya biashara. Mume wangu anaona bora nihamie Unguja nisome darasani chuo kikuu huko Tunguu miaka mitatu. Lakini nimekutana na wakala wa chuo cha nje: unasoma mtandaoni na unamaliza kwa miezi 12, kwa sababu uzoefu wa kazi unahesabiwa kama masomo. Amenionesha cheti cha usajili wa chuo chenye muhuri wa mwanasheria, na anataka laki tano za kushika nafasi kabla ya Ijumaa. Je, shahada ya mtandaoni inakubalika sawa na ya darasani?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu.

Ulichouliza nitakijibu haraka. Ndiyo, inakubalika, ikiwa chuo kinatambulika. Chuo Kikuu cha London kinawatahini watu wasiohudhuria masomo kwake tangu 1858. Hapa nchini Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wenye kazi na watoto kama wewe, na kina vituo Unguja na Pemba. Hakuna haja ya kuonea haya kusoma ukiwa nyumbani kwako.

Kilichonishitua ni maneno yako kuhusu usajili, muhuri na Ijumaa. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kuhakiki vyeti vya waombaji kazi, na kila msimu wa ajira naletewa karatasi za namna hiyo hiyo, zimewekwa kwenye plastiki, mwenyewe amezishika kwa mikono miwili. Namwuliza chuo kina ithibati ya nani, yaani nani amekiruhusu kutoa shahada. Ananionesha muhuri.

Mwanasheria anapogonga muhuri kwenye nakala, anasema jambo moja tu: nakala hii inafanana na karatasi niliyooneshwa. Hasemi kama karatasi ile ina ukweli, wala hasemi kama chuo kipo. Mpelekee cheti cha uongo na atakugongea muhuri juu ya nakala sahihi ya cheti cha uongo, na hatakuwa amekosea kitu. Halafu cheti hicho hicho kinapelekwa kwa mtu wa Chake Chake aliyejinyima kuweka akiba, anaambiwa "si unaona muhuri?" Jambo hili linaniuma sana.

Usajili nao ni hivyo hivyo. Kusajili kampuni ni kuandikisha jina la biashara na wenyewe. Bosi wako ameandikisha duka lake la saruji na nondo, na hilo halimpi ruhusa ya kutoa shahada. Ruhusa hiyo ndiyo ithibati. Kwetu inatolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza 2005, na vyuo vikuu vya Zanzibar vimo chini yake. TCU hiyo hiyo ndiyo inayotambua shahada za nje, ama ikakataa kuzitambua. Na usiridhike ukiambiwa chuo kina ithibati ya "baraza la kimataifa" fulani. Wanaounda chuo cha uongo hawashindwi kuunda na baraza la uongo la kukisifu. Chuo cha nje lazima kitambuliwe na mamlaka ya nchi kilipo, na jina lake ulitafute kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, si kwenye kiungo alichokutumia wakala.

Sasa hiyo miezi 12. Shahada ya kwanza kwa utaratibu wa TCU ni krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza: kusoma, kusikiliza, kuandika, kujaribu na kukosea. Ni saa 3,600. Zigawe kwa siku za mwaka mmoja, unapata karibu saa 10 kila siku, Idi zote mbili zikiwemo, na wewe unafungua duka asubuhi. Mtandao unakupunguzia nauli ya boti na kodi ya chumba. Saa haupunguzi hata moja. Ukijibana saa 15 kwa wiki, ambazo kwa mwenye kazi na watoto ni nyingi, hesabu hiyo inakupeleka zaidi ya miaka minne na nusu. Diploma yako inaweza kukupunguzia baadhi ya masomo kwenye chuo chenye utaratibu huo, lakini chuo ndicho kinachoamua, kwa kuangalia somo moja moja.

Na uzoefu? Nchini kwetu upo utaratibu wa kutambua mtu alichojifunza kazini. Unafanyiwa mtihani, na ukifaulu unapata sifa ya kuomba kujiunga na chuo. Kuingia, si kuhitimu. Anayekuambia kwamba miaka yako ya kushika hesabu za misumari ni nusu ya shahada, huyo anakuuzia karatasi.

Biashara hii ya karatasi ni kubwa kuliko huyo wakala wako. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa na mamia ya tovuti za vyuo na skuli visivyokuwepo, zenye picha za majengo mazuri na "wahitimu" waliokuwa waigizaji wa kulipwa. Wateja wengi walikuwa nchi za Ghuba. Mtu akishanunua, alipigiwa simu na watu waliojifanya maofisa wa serikali ya Marekani, wakimtisha alipie na uthibitisho zaidi. Nawaza vijana wetu walioko Muscat na Dubai, wanaoombwa "cheti chochote" ili wapandishwe cheo. Na kwa wanaodhani hakuna anayekagua: Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Vyeti vilivyohakikiwa vilikuwa vya sekondari na ualimu, na wengine walikuwa wameshafanya kazi miaka mingi.

Nimetoka nje ya swali lako kidogo, nirudi. Kijana aliyemaliza kidato cha sita, hana mke wala kazi, ningemwambia aende Tunguu. Biashara husomwa pia kwa kubishana na wenzako usiku juu ya mizania isiyolingana, na wenzako hao ndio watakaokuwa wahasibu na maofisa wa mikopo utakaowahitaji baadaye. Wewe una kazi inayokufundisha kila siku. Usiiache, na watoto usiwahamishe. Omba shahada ya utawala wa biashara Chuo Kikuu Huria kupitia kituo chao cha Pemba. Nenda mwenyewe, uliza ratiba ya mitihani na ada yote kwa maandishi. Pakua masomo mapema usiku umeme ukiwepo na bando ikiwa na nafuu, na tafuta hata mtu mmoja hapo Chake anayesoma kozi hiyo mkutane Jumapili.

Wakala mwombe jina kamili la chuo na nchi kilipo, kisha liulize TCU kabla ya kitu kingine chochote. Akikuharakisha kwa ajili ya Ijumaa, mwache Ijumaa ipite. Zile laki tano usizitume.