Re: Kompyuta haitaki kunilipa dhahabu taslimu

Yakhe wa Wete, umeuliza kwa nini Montezuma, kiongozi anayechezwa na kompyuta, hataki kukupa dhahabu taslimu kwa hariri yako kwenye mchezo wa kompyuta wa Civilization V wenye nyongeza ya Brave New World. Taslimu hutoa yule tu mliyetangaziana urafiki. Bila hivyo omba malipo ya kila zamu: anza na dhahabu 7, akikataa shuka moja moja. Mkataba hudumu zamu 30 kwa kasi ya kawaida.

Uza hariri ya ziada tu. Ukitoa ya pekee unapoteza pointi 4 za furaha ya raia wako, na hapo ndipo wengi tunaocheza nao huku Unguja wanapoharibikiwa.

Jirani anayekusanya jeshi mpakani usimuuzie kwa malipo ya kila zamu. Akitangaza vita mkataba unakatika, na zamu zilizobaki hulipwi kitu. Bora wa mbali, hata akilipa 6.